Maswali ya Wasomaji: Bunduki Ndogo, Shabaha Ndogo

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, hasa wanaofanya kazi kwenye mashamba na ranchi za magharibi. Huko bunduki ya kalibri .22 (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) ni chombo cha kawaida cha kupunguza kindi wa ardhini, preridogi (mnyama jamii ya kindi anayeishi mashimoni) na koyote (mbwa mwitu mdogo wa huko). Majina kama .223, .22-250 na .22 LR ni ya aina za risasi za bunduki hizo. Umbali tumeuacha kwa yadi kwa sababu ndivyo viwanja vya shabaha vya huko vilivyopimwa. Yadi 100 ni mita 91.

SWALI: Nimenunua .223 ya komeo (inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono kila risasi) iliyokwisha kutumika, pamoja na darubini yake. Kwenye yadi 100 risasi tano zinatawanyika upana wa sahani. Mwenye duka ananiambia mtutu umekwisha, ninunue mwingine. Ni kweli? – Msomaji, Boise, Idaho

Huenda ni kweli, ila hilo ndilo jambo la mwisho kulishuku. Mtutu wa .223 huvumilia maelfu ya risasi kabla ya koo lake (mwanzo wa tundu, mbele ya ganda la risasi) kuliwa na moto, tofauti na .22-250 au .220 Swift zinazochoma baruti nyingi zaidi kupitia tundu lile lile. Anza na skrubu, ndugu. Hazikugharimu kitu.

Hakikisha bunduki haina risasi, toa komeo, kisha shika bunduki wima. Weka kidole kwenye mpaka wa mtutu na sehemu ya mbele ya kitako (ile mbao au plastiki inayobeba bunduki), halafu legeza na kukaza skrubu ya mbele inayofunga chuma kwenye kitako. Ukihisi mtutu unajongea chini ya kidole, chuma hakijakaa sawa kwenye kitako na kila mlipuko unakihamisha. Chukua noti ya dola, ipitishe chini ya mtutu kutoka mbele kurudi nyuma. Kwa bunduki nyingi za aina hii inatakiwa iteleze hadi karibu na chemba (chumba cha risasi) bila kukwama. Ikikwama mahali, kitako kinausukuma mtutu, na msukumo huo hubadilika kadiri mtutu unavyopata moto au mbao inavyonyonya unyevu.

Skrubu za kitako hukazwa kwa kipimo alichotoa mtengenezaji, mara nyingi kati ya Newton-mita 4 na 7. Za plastiki huwa chini, za alumini huwa juu. Kisha fungua pete za darubini uzifikie skrubu za msingi zilizojificha chini yake, maana hapo ndipo walioitumia kabla yako husahau. Zifute mafuta, tia tone dogo la gundi ya skrubu ile ya bluu, kaza. Za vifuniko vya pete usizitie gundi: zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo, hadi Newton-mita 1.7 au 2 hivi. Ukizidisha unalibana bomba la darubini na vioo vya ndani vinakwama. Bisibisi ya kupimia nguvu ni bei ya maboksi machache ya risasi, na hakuna kifaa kinachomaliza ubishi haraka kama hicho.

Baada ya hapo, tazama unavyoilaza. Mfuko wa mchanga wa mbele ukae chini ya kitako, usiguse mtutu kamwe, na uwe mahali pale pale kila risasi. Kipini cha kufungia mkanda kisigonge mfuko bunduki inaporudi nyuma. Bega na shavu viguse kwa uzito ule ule.

Sasa risasi zenyewe. Pima msokoto wa mtutu: funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia inayozunguka huru kwenye mpini wake, isukume ndani kutoka nyuma, tia alama juu ya fimbo, endelea kusukuma mpaka alama irudi juu, pima umbali iliosafiri. Bunduki nyingi za zamani za .223 zina msokoto wa inchi 12, yaani kichwa cha risasi huzunguka mara moja kila inchi 12, na hizo hupenda vichwa vya greni 40 hadi 55 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Msokoto wa inchi 9 hubeba hadi greni 69 hivi. Wa 8 na wa 7 hubeba 75 na 77. Kinachodai mzunguko ni urefu wa kichwa kuliko uzito wake: kirefu kisipozungushwa vya kutosha huyumba hewani. Karatasi itakuambia. Tundu la mviringo safi ni dalili njema. Tundu lililovutika kama tundu la ufunguo maana yake kichwa kimefika kimelala ubavu, na hapo huna haja ya kuendelea na boksi hilo.

Umbo la mtawanyiko nalo husema mengi. Matundu yakipanda kwa mstari mmoja kadiri mtutu unavyopata moto, kuna mguso kati ya mtutu na kitako. Yakipangika kushoto na kulia, shuku upepo kwanza, kisha kidole chako kwenye kifyatulio. Yakijigawa mafungu mawili, mbili huku na tatu kule, kuna kitu kinachocheza: skrubu, chuma ndani ya kitako, au darubini. Darubini ipime kwa mraba: piga risasi, peleka kliki 20 (mibofyo ya kirungu cha darubini) kulia, piga, 20 juu, piga, 20 kushoto, piga, 20 chini, piga. Risasi ya mwisho iangukie ilipoanza, na kila upande wa mraba uwe kama sentimita 13 kwa kliki za robo dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya 60 ya digrii). Mraba ukipinda au usipofunga, umeshapata mgonjwa wako.

Usihukumu kwa risasi tatu. Tatu hukaribiana kwa bahati mara nyingi mno. Piga tano, acha mtutu upoe hadi uweze kuushika kiganja bila kuuachia, rudia tano nyingine. .223 yenye afya, kwa risasi za dukani zilizo nzuri, hutoa kundi la sentimita 2.5 hadi 4 kwenye yadi 100. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja tu, kisha piga tena, la sivyo hutajua dawa ilikuwa ipi.

SWALI: Darubini ya .223 niiweke sawa kwa yadi ngapi, na kliki nazihesabuje? – Msomaji, Rapid City, South Dakota

Kwa kichwa cha greni 55 kinachotoka kwa mita 988 kwa sekunde, iweke kwa yadi 200. Ukifanya hivyo risasi itapiga sentimita 3.5 hivi juu ya msalaba wa darubini kwenye yadi 100, katikati kwenye 200, na sentimita 17 hivi chini kwenye 300. Maana yake hadi yadi 220 au zaidi kidogo unaelekeza msalaba kwenye mnyama bila hesabu yoyote.

Anzia yadi 25 usipoteze risasi. Pale tundu linatakiwa liwe sentimita moja au moja na nusu chini ya pale unapolenga, kwa kuwa darubini iko juu ya mtutu na risasi bado inapanda kuukuta mstari wa jicho. Likiwa hapo, nenda yadi 100 umalizie.

Kliki ya robo dakika husogeza milimita 6.6 kwenye yadi 100. Kwenye 25 ni robo ya hiyo, kwa hiyo utazungusha mara nne zaidi kuliko unavyodhani. Kwenye 200 ni mara mbili. Mfano: kundi lako liko sentimita 8 chini na 5 kushoto ya pale unapotaka, kwenye yadi 100. Gawa milimita 80 kwa 6.6, unapata 12 juu. Milimita 50 kwa 6.6, unapata 8 kulia. Hesabu kutoka katikati ya kundi zima, siyo kutoka kwenye tundu linalokupendeza. Kama darubini yako imeandikwa 0.1 ya miliradiani (kipimo kingine cha pembe), kila kliki ni sentimita moja kwenye mita 100, na hesabu inakuwa nyepesi zaidi.

Upepo ni habari nyingine, na kwenye tambarare za Dakota ndio unaokosesha watu. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipiga ubavuni huisukuma risasi hiyo sentimita 10 hivi kwenye yadi 200 na karibu 23 kwenye 300. Ukija kwa mshazari, chukua kama robo tatu ya hapo. Tazama nyasi zilizo katikati ya safari ya risasi pamoja na zile zilizo karibu nawe. Mara nyingi hazielekei upande mmoja.

SWALI: Jirani amenipa risasi za 5.56 za kijeshi. Zinaingia kwenye .223 yangu. Nizitumie? – Msomaji, Amarillo, Texas

Hapana. Kwa macho ganda ni lile lile, ila chemba ya 5.56 ina koo refu zaidi mbele ya mdomo wa ganda. Risasi iliyotengenezwa kwa koo refu ikipigwa kwenye koo fupi la .223, kichwa hukuta mifereji ya msokoto wa mtutu mapema na shinikizo hupanda kupita kiasi. Kinyume chake hakina tatizo: .223 kwenye bunduki ya 5.56 ni salama. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, siyo kilichoandikwa kwenye sanduku la duka.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo, nayo inahusu nyumba zenye bunduki zaidi ya moja. Risasi ya .300 Blackout imezaliwa kutoka kwenye ganda la .223 lililofupishwa, na baadhi yake huweza kuingia kwenye chemba ya .223 na komeo likafunga. Kichwa chake kina upana wa milimita 7.8 na mtutu wako ni wa 5.7. Ukivuta, bunduki inapasuka mbele ya uso wako. Zitenganishe kwa kabati, kwa rangi ya boksi, kwa vyovyote, na usiache hata moja ikizurura mfukoni au kwenye gari.

SWALI: Natumia .22 LR kwa kindi wa ardhini wanaoharibu shamba la alfalfa. Kwenye yadi 50 sikosi, kwenye 100 nakosa ovyo. Ninunue risasi zenye kasi zaidi? – Msomaji, Twin Falls, Idaho

Kasi zaidi inaweza kukuzidishia tatizo. Risasi ya kasi kubwa ya greni 40 hutoka kwa mita 380 hivi kwa sekunde, ikavuka kurudi chini ya kasi ya sauti, takriban mita 340, ikiwa bado njiani. Kwenye mpaka huo hewa huivuta sana, na kadiri inavyopoteza kasi ndivyo upepo unavyopata nafasi ya kuisukuma. Kwa upepo ule ule wa kilomita 16 kutoka ubavuni, kwenye yadi 100 risasi ya kasi huenda kando sentimita 13 au 14. Ile ya kawaida ya mita 325 huenda kama 10. Malipo yake ni kwamba ya kawaida huanguka zaidi: ukiiweka sawa kwa yadi 50, kwenye 100 itakuwa chini karibu sentimita 20, na ile ya kasi 15. Ila mwanguko ni ule ule kila siku na unaweza kuuandika kwenye kitako. Upepo hauandikiki.

Nunua boksi moja moja la aina tano au sita. Mitutu ya .22 LR ina upendeleo usioelezeka kwa bei wala jina, na miwili ya kiwanda kimoja inaweza kukataa chakula cha mwenzake. Kila ukibadilisha aina, piga kumi za kwanza bila kuzihesabu ili nta na madini laini ya risasi ya aina mpya vijipake ndani ya mtutu, kisha piga makundi. Ukiipata inayopendwa, soma namba ya toleo kwenye boksi na urudi dukani siku hiyo hiyo ununue za kutosha zenye namba ile ile. Toleo lingine la jina lile lile ni kama risasi nyingine.

Angalia pia darubini. Zilizotengenezwa kwa .223 mara nyingi zimewekwa zione sawa kwenye yadi 100 au 150. Ukizitumia kwenye 50 na jicho likihama kidogo, msalaba nao unahama juu ya shabaha. Za .22 huwekwa 50 au 60.

Na hata hivyo, tungependa uishie yadi 75 kwa wanyama. Risasi hiyo haina nguvu ya ziada ya kufidia kosa, na kindi aliyejeruhiwa huingia shimoni kufa taratibu. Ukihitaji 125 au 150 kwa siku tulivu, .17 HMR iliyotoka mwaka 2002 ndiyo kazi yake: kichwa cha greni 17 kwa mita 777 kwa sekunde. Kwa koyote zote mbili hazitoshi.

SWALI: Nisafishe mtutu kila baada ya risasi ngapi? – Msomaji, Cheyenne, Wyoming

Mitutu inayoharibiwa na fimbo ya kusafishia ni mingi kuliko inayoharibiwa na uchafu, kwa hiyo tuanze na fimbo. Iwe kipande kimoja, ya chuma kilichovikwa plastiki au ya nyuzi za kaboni. Zile za kuungaunga hupinda kwenye viungo na kukwaruza. Ingiza kutoka nyuma kupitia kiongozi cha fimbo kinachokaa mahali pa komeo. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio mguso wa mwisho wa risasi. Ukilika upande mmoja, gesi huisukuma risasi kwa upande wa pili, na hapo makundi hayarudi tena.

Kwa .223: pitisha vitambaa viwili vyenye dawa ya kaboni, acha dakika tano hadi kumi, sugua kwa brashi ya nailoni mara kumi, toa kwa vitambaa vikavu. Kisha dawa ya shaba. Kitambaa kikitoka na rangi ya bluu, inayeyusha shaba iliyoachwa na vichwa vya risasi. Rudia hadi bluu ififie. Hapa watu wengi hudanganyika: kama kichwa cha fimbo chako ni cha shaba nyeupe, dawa inakila chenyewe na utaona bluu hadi kesho. Tumia cha nikeli au cha plastiki. Dawa yenye amonia isilale ndani ya mtutu usiku kucha. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa. Maliza kwa kitambaa kikavu, halafu chenye tone moja la mafuta kama bunduki inaenda kabatini.

Kabla ya kupiga tena, toa mafuta hayo kwa vitambaa viwili vikavu. Mafuta ndani ya chemba na mtutu huongeza msukumo kwenye komeo na kuipeleka risasi ya kwanza kusikojulikana. Hata ukikausha, mtutu uliosafishwa hadi chuma kitupu huhitaji risasi moja hadi tano ndipo utulie, kwa hiyo usiusafishe usiku wa kuamkia mawindo.

Idadi kamili inatajwa na makundi yenyewe. Wengi hukuta .223 inaanza kupanuka kati ya risasi 100 na 300. Kwa .22 LR, ukiacha chemba, safisha kwa nadra: nta yake hulinda chuma. Chemba yenyewe hujenga pete ngumu ya kaboni mbele ya mdomo wa ganda. Risasi zikianza kuingia kwa kulazimisha, ondoa pete hiyo na uache mtutu uliobaki kama ulivyo.

SWALI: Maganda matupu yamejaa ndoo. Nianze kujaza mwenyewe? – Msomaji, Fort Worth, Texas

Marekani sheria ya shirikisho haitaki leseni kwa anayejaza za matumizi yake; anayeuza ndiye anayehitaji. (Wasomaji wa nyumbani wasichukue jibu hili: Tanzania, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na Kenya pia, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai.) Kwa anayepiga maboksi matano kwa mwaka mitambo haitalipa gharama yake. Anayekaa ukingoni mwa kijiji cha preridogi (eneo la mashimo yao) siku nzima, au mwenye mtutu unaochagua, atafaidika.

Kiasi cha baruti hatukiandiki hapa na tunakuomba usikichukue kwa jirani. Kinatoka kwenye kitabu cha sasa cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, kwa baruti ile ile, kichwa kile kile na fataki (kiwashio cha kitakoni mwa ganda) ile ile, ukianzia chini kabisa ya jedwali. Tunachoweza kukusaidia ni ndoo yako, kwa sababu hapo ndipo pa kuamua kipi kinafaa na kipi kinatupwa.

Tumia maganda yaliyopigwa na bunduki yako tu. Ya kuokota hujui yamepigwa mara ngapi wala kwenye chemba gani. Yapange kwa maandishi yaliyo kwenye kitako cha ganda. Ya kijeshi yaweke kando: fataki zake zimebanwa ukingoni na tundu la fataki linahitaji kukatwa kwanza, na baadhi yana kuta nene, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo na baruti ile ile huleta shinikizo kubwa. Geuza kila ganda kwenye mwanga. Mdomo uliopasuka, tupa. Mstari unaong'aa kuzunguka ganda, milimita sita au nane juu ya kitako, ni dalili ya chuma kuvutika na kuwa chembamba. Nyoosha kibanio cha karatasi, kunja ncha yake, ikwaruze ndani ya ukuta kutoka chini kwenda juu. Ncha ikidumbukia kwenye mfereji, ganda hilo litakatika vipande viwili safari ijayo. Fataki ikiingia kwa kidole bila kusukumwa kwa nguvu, tundu limelegea, tupa.

Urefu wa ganda la .223 usizidi milimita 44.70, yanayozidi yakatwe hadi 44.45. Refu likiachwa, mdomo wake hubanwa mwishoni mwa chemba na kukishika kichwa kisitoke, shinikizo likapaa bila wewe kubadilisha chochote kwenye baruti. Unapolirudisha ganda kwenye umbo, bega lirudi nyuma milimita 0.03 hadi 0.05 tu kwa bunduki ya komeo. Wanaoanza hulisukuma hadi mwisho wa mashine, na ndiyo maana wanapata ule mstari unaong'aa baada ya mara tatu au nne. Mafuta ya kulainisha yakiwa haba ganda hunasa ndani ya kalibu. Yakizidi huacha vibonyeo begani.

Mezani iwe kopo moja tu la baruti kwa wakati. Panga maganda yaliyotiwa baruti kwenye ubao, pita juu yake kwa tochi kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, na ulinganishe kina. Tupu na lililotiwa mara mbili huonekana hapo tu. Fataki zibaki kwenye trei zake za dukani, kamwe zisimwagwe kwenye chupa ya kioo, na miwani ivaliwe. Uwanjani, komeo likiwa zito kunyanyuka, fataki ikitoka bapa kabisa, au kitako cha ganda kikiwa na alama inayong'aa, simama, usizipige zilizobaki; ng'oa vichwa vyake.

SWALI: Nipo hapa kwa viza ya masomo. Mwenzangu anataka kunipa bunduki yake niende naye porini. – Msomaji, Missouri

Usiishike kwanza. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji kuwa na bunduki au hata risasi moja, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha iliyotajwa. Unaotumika zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Leseni ikatwe kabla, na uwe nayo mfukoni. Mwenye kadi ya mkazi wa kudumu hahusiki na katazo hilo. Anayeishi bila hadhi halali hana msamaha wowote. Kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini, kwa hiyo kama kuna wasiwasi hata kidogo, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya siku ya safari.

SWALI: Preridogi waliouawa tuwaache pale pale? Na je, ni kweli risasi za madini ya risasi zina madhara? – Msomaji, Gillette, Wyoming

Ni kweli. Kichwa chepesi cha .22 hupasuka kuwa chembe ndogo ndani ya mzoga, na tai na mwewe huzimeza pamoja na nyama. Vichwa vya shaba tupu au vya unga wa shaba vipo kwa .223, .22-250 na .204, na California imelazimisha vichwa visivyo na madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019. Kumbuka shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa chake ni kirefu kwa uzito ule ule: mwenye msokoto wa inchi 12 au 14 achague cha greni 35 hadi 45.

Mizoga usiiguse kwa mkono mtupu. Viroboto wa preridogi hubeba tauni, ile ile ya wanadamu. Glavu, koleo, na mbwa wasikaribie.

Tunasisitiza jambo jingine. Preridogi wa Utah analindwa na sheria ya shirikisho, na kindi wa ardhini aitwaye kwa Kiingereza Northern Idaho ground squirrel vilevile. Kicheche wa miguu myeusi, aliyedhaniwa ametoweka hadi alipopatikana karibu na Meeteetse, Wyoming, mwaka 1981, anaishi kwa kula preridogi na kulala kwenye mashimo yao. Bundi wa mashimoni naye huzaa humo. Ulizia ofisi ya wanyamapori ya jimbo ni vijiji gani vimefungwa na kwa miezi gani, na upunguze pale ambapo mwenye malisho ameomba wapunguzwe.

SWALI: Nilivuta, ukasikika mlio hafifu, ganda likatoka. Nilipoingiza nyingine mwenzangu akanizuia. Alikuwa sahihi? – Msomaji, Billings, Montana

Sahihi kabisa, mshukuru. Mlio hafifu mara nyingi ni fataki iliyowaka bila baruti kushika, na kichwa kimebaki katikati ya mtutu. Risasi inayofuata ikikikuta humo, mtutu huvimba au kupasuka. Elekeza mdomo kwenye shabaha, toa risasi zote, toa komeo, chungulia mtutu kutoka nyuma ukiwa na mwanga upande wa pili. Usipouona mwanga, usijaribu kukitoa kwa risasi nyingine wala kwa kupigapiga ovyo; peleka kwa fundi bunduki.

Na ukivuta kisha usisikie kitu kabisa, usifungue komeo. Fataki inaweza kuwa inaungua polepole. Ielekeze pale pale sekunde 30 au zaidi, ndipo ufungue uso ukiwa pembeni. Risasi hiyo iweke mbali na nyingine na usiipige tena.